Boti ya Kutembelea

Nilipostaafu ualimu, kila aliyenijua alikuwa na mpango wa kiinua mgongo changu. Shemeji alitaka nijenge vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba. Jirani alinishauri bajaji mbili. Mwanangu wa kwanza, aliyeko Dodoma, alisema niweke kwenye hati fungani za serikali. Niliwasikiliza wote, sehemu kubwa ya fedha nikaiweka mahali pake, na kwa shilingi milioni 9 na laki 4 nikanunua boti.

"Ya uvuvi au ya abiria?" Hakuna aliyeacha kuuliza hivyo. Nikijibu kuwa ni ya kutembelea tu, mimi na wajukuu, mtoni na baharini, mazungumzo yanakatika. Hapa Pangani tuna jina la kila chombo: mtumbwi, ngalawa, dau, mashua, pantoni. Ila chombo cha mwenyeji kwenda kujifurahisha hakina jina, kwa sababu raha ya baharini tumewaachia wageni. Wao ndio huchukuliwa kule Ushongo wakapelekwa kisiwa cha Maziwe kuogelea. Sisi tuliozaliwa hapa, Maziwe tunaijua kwa jina tu, na bahari tunaijua kama kiwanda: mwanamume aende alete samaki, mwanamke asubiri ufukweni na beseni.

Nimefundisha Jiografia miaka 31. Mto Pangani nimeuchora ubaoni kiasi kwamba hata kwa macho yaliyofumbwa ningeweza: maji yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaendesha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha yanatokea hapa kwetu baharini, safari ya kilomita zipatazo 500. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuupanda mto huo kupita gati ya pantoni, hata mara moja. Wanafunzi wangu nao wanaujua kwa zile dakika chache za kuvukia Bweni. Hili linaniuma, na ndilo lililonishikisha kalamu. Mtu wa pwani mwenye kipato cha kawaida, anayeweza kununua bajaji, anaweza kuwa na boti ndogo ya raha, na ni haki yake kuwa nayo. Lakini wengi wanaojaribu huanza na swali lisilofaa. Huuliza mashine ni HP ngapi.

Mimi nilisaidiwa na mzee mmoja wa Bweni, nahodha aliyevua na marehemu baba. Nilivuka kwenda kumsalimu na kumweleza nia yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatafuta chombo."

"Ndiyo baba."

"Mlangoni utapita saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, boti yenyewe sijaipata. Akatikisa kichwa. "Basi usinunue kwanza. Njoo ukae hapa wiki mbili uutazame mlango. Wiki moja haitoshi, utaona bamvua bila maji mafu, au maji mafu bila bamvua."

Nikakaa. Kila asubuhi na kila alasiri nilivuka na daftari langu, nikaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikautazama mlango wa mto. Ilikuwa msimu wa kusi. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, mlango ulikuwa umetulia kiasi kwamba watoto walivuka kwa makafi. Lakini siku tatu kabla ya mwezi mpevu, saa kumi na moja jioni, nikaona alichotaka nikione. Maji yalikuwa yakipwa, mto unatoka kwa nguvu, na kusi inasukuma mawimbi kuja ndani. Vikikutana hivyo viwili juu ya mafungu ya mchanga ya mlangoni, wimbi halisafiri tena, linasimama wima na kupasuka palepale. Maji ya mto ni ya kahawia, ya bahari ni ya kijani, na mpaka wake ulikuwa povu tupu. Boti ya wavuvi ilikuwa inarudi. Nahodha hakuingia. Alizunguka nje, akayatazama mawimbi yakipita moja baada ya jingine, kisha akalipanda moja kwa nyuma na kulifuata mgongoni bila kulipita, hadi ndani. Hakukimbia hata kidogo. Alikuwa anakwenda mwendo wa wimbi.

Baada ya wiki mbili nilijua ninachotaka. Nilitaka boti yenye omo iliyoinuka, kingo za kufika magotini kwa aliyesimama, na tezi isiyo chini, kwa sababu wimbi la mlangoni huja nyuma, na boti nyingi za bei nafuu zimekatwa tezi chini kabisa ili mashine ikae. Mashine ilihitaji kwenda na wimbi tu. Boti ya kwanza, kwa mawazo yangu, huchaguliwa na mahali pabaya kuliko pote utakapopita nayo. Wa Kilindoni atakuwa na pake, na wa Mto Rufiji ana pake. Patafute hapo kwanza, upatazame, ndipo uende sokoni.

Sokoni nako kuna mengi. Boti ya kwanza niliyoonyeshwa, katika mji ambao sitautaja, ilikuwa ya faiba, futi 23, imepakwa rangi ya buluu iliyokuwa bado inanuka, na nyuma ina mashine ya HP 40. Muuzaji alikuwa na haraka. Nilikwenda na fundi wangu, kijana niliyemfundisha kidato cha pili, naye akatoa mfukoni sarafu ya shilingi 200. Akaanza kugonga. Faiba nzima inaita, sauti yake ni kavu na fupi. Iliyoachana matabaka, au iliyonyonya maji ndani, inajibu kwa sauti butu, kama unagonga embe bivu. Akagonga kutoka omo hadi tezi, taratibu, sikio karibu na ubavu wa boti. Kwenye omo ilikuwa inaita. Katikati inaita. Alipokaribia tezi, sauti ikafa. Akakamata mguu wa mashine kwa mikono miwili, akauvuta juu na kuusukuma chini, akaniambia, "Mwalimu, tazama pale." Ubao wa tezi, unaobeba mashine yote, ulikuwa unapumua. Ndani ya faiba huwekwa mbao, na maji yakipenya kwenye tundu za skrubu mbao zinaoza taratibu, juu kukiwa na rangi nzuri. Siku moja baharini mashine ingeng'oka na tezi yake.

Tuliaga kwa heshima tukaondoka. Muuzaji aliniita mara mbili, kila mara akishusha bei.

Niliyonunua ni ya futi 18, upana futi tano na nusu, rangi yake imefifia na haina urembo wowote. Sarafu ilipita mwili mzima ikiita. Ina benchi tatu, na ndani ya benchi hizo kuna vyumba vya hewa vilivyozibwa, ili boti ikijaa maji isizame. Hilo usikubali kuambiwa kwa mdomo. Sisi tuliipeleka kwenye maji ya kiunoni, tukaijaza kwa ndoo hadi kingo zikalingana na bahari, nayo ikabaki inaelea. Watu walikusanyika wakidhani tumepatwa na wazimu. Ningeifanya tena kesho.

Mashine ni ya mtumba, Yamaha HP 15, ya petroli iliyochanganywa na oili: tangi la lita 25, oili nusu lita. Kuhusu mashine ya mtumba nina mambo mawili ninayoyashikilia. La kwanza, usikute imeshawashwa. Fika, ondoa kofia yake, weka kiganja kwenye chuma. Ikiwa ya moto, kuna mtu amehangaika nayo kabla hujafika. Kaeni, ombeni maji ya kunywa, subirini ipoe, ndipo uvute kamba mwenyewe. La pili, fungua skrubu ya chini ya mguu, pale penye oili ya gia, uache matone machache yadondokee kidoleni. Oili nzuri inang'aa. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye gia, na bei unayotajiwa si bei yake.

Watu wengi walinicheka kwa hiyo 15. Shemeji, ambaye sasa ndiye wa kwanza kufika siku za safari, alisema nimenunua mashine ya mtoto. Mimi nasema mashine ya 15 ikifunguliwa mwisho inakunywa lita 6 au 7 kwa saa, wakati ya 40 hufikia karibu 20. Kwa mstaafu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama boti itaingia majini kila wiki au italala chini ya mwarobaini hadi Idi. Isitoshe, watu wawili wanaweza kuibeba. Mashine za boti zinaibwa katika pwani yote hii, na yangu haijawahi kulala ufukweni hata usiku mmoja. Inalala stoo, karibu na gunia la mchele, na ninaisikia harufu yake ya petroli nikipita kwenda jikoni.

Lakini fedha niliyoitumia kwa furaha kuliko zote ni ya jaketi za kuokolea, na hapa naomba niseme kwa ukali kidogo. Katika pwani yetu jaketi zimegeuka kuwa vitu vya kumwonyesha mkaguzi. Utazikuta zimefungwa furushi chini ya benchi, nyingine bado ziko kwenye mifuko yake ya nailoni, au abiria amezikalia kama mito. Boti ikipinduka mlangoni hakuna dakika ya kufungua fundo. Nimewahi kuhudhuria mazishi mawili ya wanafunzi wangu waliozama, na wote wawili walikuwa waogeleaji hodari. Kwangu, asiyevaa jaketi hapandi, hata awe shehe, hata awe shemeji.

Na jaketi iwe ya mwili wa anayeivaa. Mjukuu wangu wa kike, wa miaka sita, nilimvalisha ya mtu mzima siku ya kwanza nikidhani kubwa ni salama zaidi. Tukaingia naye kwenye maji ya kifuani ili ajaribu. Jaketi ikaelea juu, na mtoto akateleza chini kupitia ndani yake kama mkono unavyotoka kwenye kanzu. Nilimshika kwapani kabla hajameza maji. Siku hiyohiyo nilipanda basi kwenda Tanga kutafuta ya mtoto, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Ilinigharimu zaidi ya za watu wazima, na sikuomba punguzo.

Mengine nitayapita haraka. Chombo kisajiliwe na kikaguliwe. Huku bara ni kazi ya shirika la TASAC, na Zanzibar wana mamlaka yao. Ile kamba fupi nyekundu ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa anayeongoza, ili akianguka mashine izime. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu usiliguse. Upo wa kukumbia maji usisahaulike ati kwa kuwa boti ni mpya. Na taarifa za upepo na mawimbi za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe jioni ya kuamkia safari, kisha asubuhi uende ukaitazame bahari yenyewe.

Nanga siwezi kuipita haraka, maana ndiyo iliyotuokoa.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Tulikuwa tumeupanda mto, mimi, fundi na wajukuu wawili. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza nilichokichora ubaoni kwa chaki miaka yote: mikoko imesimama kwenye mizizi yake kama inataka kutembea, kisha minazi, furukombe juu ya tawi kavu, na sehemu za juu huko fundi akatuonyesha mamba mmoja, amelala ukingoni na kinywa wazi. Wajukuu hawakuongea kwa robo saa nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona nyumbani.

Tukageuza kurudi maji yakiwa yameanza kupwa. Pembeni mwa mashine kuna kijitundu kinachorusha maji mfululizo mashine ikifanya kazi, ishara kwamba pampu inavuta maji ya kuipoza. Fundi huuliza, "Inakojoa?" Na mjukuu ndiye aliyesema: "Bibi, haikojoi." Nikazima papo hapo. Ukimya ukaingia, na katika ukimya huo nikaona mikoko inatupita. Mto ulikuwa unatubeba, na ulikuwa unatubeba kuelekea mlangoni, jioni, maji yakipwa, msimu wa kusi. Picha ya lile povu la kahawia na kijani ikanijia yote.

"Nanga," fundi akasema. Tukaitupa. Kamba yake, amari, ilikuwa ya mita 30, ingawa mahali pale kina hakizidi mita 5. Dukani walishangaa kwa nini nataka ndefu hivyo. Nanga haishiki kwa uzito wake. Hushika ikivutwa kwa ulalo, na kamba fupi huivuta wima ikang'oka. Tuliachia amari karibu yote. Boti ikageuza omo kuutazama mkondo, ikatikisika mara moja, ikatulia. Tukala mihogo tuliyobaki nayo. Tulikaa pale saa tatu na nusu, hadi giza lilipoingia na mkondo ukalegea, ndipo fundi na mimi tukapiga makafi kwenda gatini, taa za pantoni zikiwa mbele yetu.

Kosa lilikuwa langu. Kila nilipotoka baharini niliisafisha mashine kwa maji baridi, lakini nilipotoka mtoni niliiacha hivyohivyo, nikiamini maji ya mto hayana chumvi. Mimi, mwalimu wa Jiografia! Hapa mtoni bahari hupanda na kushuka kila siku, na kadiri maji ya kutoka juu yanavyopungua ndivyo chumvi inavyozidi kuingia ndani. Wakulima wa kando ya mto wanalilia jambo hilo kwa miaka. Fundi alipofungua mashine alinionyesha chumvi imeganda kwenye njia za maji kama ukoko wa wali, na kiraba cha pampu kimenyofoka mabawa mawili. Kiraba hicho sasa hubadilishwa kila mwaka, na kingine cha akiba kiko kwenye boksi la vifaa pamoja na bisibisi.

Na Maziwe? Tumekwenda mara nne. Bahari yake nzuri ni ya tangambili, kusi ikishakwisha na kaskazi haijaanza. Kisiwa hicho ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika lote, kwa hiyo safari yake hupangwa na mwezi. Siku za bamvua huku kwetu maji hukauka yapata saa nne au saa tano asubuhi. Tunatoka saa moja, upepo haujaamka, tukiufuata mto unaotoka; tunalikuta fungu linaibuka, kwanza mgongo, kisha mabega; na saa saba, maji yakiwa yanajaa, tunarudi nayo hadi ndani ya mlango.

Baba aliniambia kwamba enzi zake Maziwe ilikuwa na msitu wa mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya kivuli chake. Miti iliendelea kuanguka bahari ilipokuwa ikila kingo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 haukubaki hata mti mmoja. Leo ni eneo tengefu, kuna kiingilio, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili bahari isiyachukue. Niliwasimulia wajukuu hayo tukiwa tumesimama palepale, mchanga mweupe hadi kuumiza macho, maji yakiwazunguka pande zote. Wa kiume akauliza mivinje ilikuwa upande gani. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa sababu baba alinionyesha upande huo nikiwa na umri wake, tumesimama Pangani ufukweni, mbali sana.

Ninaiomba halmashauri yetu jambo moja dogo: mteremko wa zege wa kushushia vyombo vidogo, pembeni ya gati, ambapo mwenyeji atashusha boti yake bila kulipa vijana sita kuiburuta mchangani. Wakiwepo wenye boti kumi za kutembelea hapa, kutakuwa na mafundi, na jaketi za watoto zitauzwa hapahapa bila mtu kupanda basi. Shule nazo zitapata chombo cha kukodi ili darasa likauone mto.

Tukifika nyumbani huwa hatuingii ndani kwanza. Tunaifunga mashine kwenye pipa la maji ya bomba uani, fundi anavuta kamba, nayo inaanza kukojoa. Mjukuu wa kike ndiye mkaguzi. Anakinga kidole kwenye yale maji, anakilamba, anatikisa kichwa. Tunasubiri. Anakinga tena, analamba. "Bado, Bibi." Mara ya tatu au ya nne anainua mkono juu, na ndipo tunazima.